Baraza la wilaya likishaazimia, azimio huenda wapi?

Mwalimu wa Mpakani
Salaam wanajukwaa. Katika kijiji chetu, upande wa mashariki wa Uganda karibu na mpaka, kuna kalavati lililovunjika kwenye njia inayotoka shuleni hadi sokoni. Diwani wetu amelipeleka jambo hilo mbele ya baraza la wilaya mara tatu, na mara zote tatu amerudi akatuambia kwamba baraza limeazimia litengenezwe. Mvua zikinyesha, watoto wangu wa darasa la kwanza bado wanabebwa mgongoni.

Safari ya tatu niliamua kwenda mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la wananchi kuanzia sala ya ufunguzi na wimbo wa taifa, nikasikiliza hotuba ya Spika, kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za kamati, hadi hoja. Siku ile walipitisha mambo mengi: gari kuukuu la idara ya afya liuzwe kwa mnada, jina la mjumbe wa Tume ya Utumishi ya Wilaya likubaliwe, viwango vya ushuru wa soko virekebishwe, na kalavati letu lijengwe. Gari liliuzwa kabla ya wiki sita kupita. Ushuru mpya ulianza kutozwa upesi kuliko nilivyotarajia. Kalavati liko vilevile. Sasa nauliza: yote yalipitishwa kwa mikono ileile iliyoinuliwa, kwa nini mengine yana miguu na mengine ni viwete?

Ndizi Mbichi
Azimio huenda chakula cha mchana pamoja na waheshimiwa, likishashiba hulala. Halafu zabuni ya kalavati wanagawana wao kwa wao, kwa hiyo wanangoja wakubaliane nani ale.

Karani Mstaafu
Mwalimu, nilikaa miaka mingi mezani pa karani wa baraza, nikaandika kumbukumbu hadi kidole kikaota sugu. Kwa hiyo ninakuomba kitu kimoja kabla ya kumlaumu mtu: itafute nakala ya kumbukumbu zenyewe, usitegemee maneno ya diwani. Baraza lina vitenzi vitatu, na wananchi huvisikia vyote kama kimoja. Likisema "limetambua", maana yake limesikia, na kazi imeishia hapo. Likisema "limependekeza", limemsukumia mtu mwingine, kwa kawaida kamati ya utendaji au wizara. Likisema "limeazimia", basi limeamua, na hapo ndipo Ofisa Mkuu wa Utawala, yule tunayemwita CAO, anapobanwa, kwa sababu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inamkabidhi jukumu la kutekeleza maamuzi yote halali ya baraza.

Usiliruke neno "halali". Uamuzi wa kutumia fedha ambazo hazimo katika bajeti iliyopitishwa si halali kwake hata kama madiwani wote wameinua mikono miwili kila mmoja. Yeye ndiye mwenye dhamana ya hesabu, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inamfuata yeye binafsi. Gari kuukuu halikuhitaji fedha, lilileta fedha. Mjumbe wa tume alihitaji barua tu na kibali cha Tume ya Utumishi wa Umma kutoka Kampala. Kalavati linahitaji fungu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti hupitishwa kabla ya mwezi Mei kwisha. Hoja iliyoletwa mwezi Agosti bila fungu ni barua njema iliyokosa stempu.

Bwana Sheria
Ninamrekebisha Ndizi Mbichi kwa upole. Madiwani hawagawi zabuni. Zamani kulikuwa na bodi za zabuni za wilaya, ambazo wajumbe wake waliteuliwa na baraza, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2006 yaliziondoa, na sasa kazi hiyo ni ya kamati ya mikataba iliyo chini ya utawala, si chini ya wanasiasa. Kama kuna kula, meza ilihamishwa.

Ndizi Mbichi
Asante, Bwana Sheria. Nimefarijika sana kusikia kwamba meza ilihamishwa tu.

Mama Diwani
Nimewahi kukaa barazani muhula mmoja, kiti cha wanawake, kwa hiyo yanipasa niwasemee wenzangu kidogo. Watu wanapotusema kuhusu posho, hawajui kwamba sheria inatufunga: fedha zote zinazolipwa kwa madiwani kwa mwaka hazipaswi kuzidi asilimia 20 ya mapato ya ndani ambayo wilaya ilikusanya mwaka uliotangulia. Wilaya yetu ilikuwa inakusanya kidogo mno, kwa hiyo asilimia hiyo 20 ilikuwa shida kuigawa. Sheria pia inataka baraza likutane angalau mara moja kila miezi miwili. Kuna mwaka tulipitisha miezi minne bila kikao kwa sababu hapakuwa na fedha za nauli, na tulipokutana hatimaye, ajenda ilikuwa ndefu kama mkeka wa msikitini. Hoja kumi na nne kwa siku moja. Ya kumi na nne ilipitishwa gizani, na mimi niliyeileta sikumbuki vizuri ilisemaje.

Jambo la pili ambalo wanaume hawaligusi: diwani wa kawaida anawakilisha kata ndogo moja, yaani gombolola, lakini sisi wa viti vya wanawake mara nyingi tunawakilisha mbili au tatu, kwa nauli ileile. Mimi nilikuwa na tatu. Azimio likishapita, nani wa kulifuatilia ofisini kila wiki? Azimio bila mfuatiliaji ni mtoto asiye na mama.

Jirani wa Nairobi
Mimi ni Mganda ninayefanya kazi Kenya. Huku kaunti zina gavana, zina bunge la kaunti, zina mgao wake uliowekwa na katiba ya mwaka 2010, na mjumbe wa bunge hilo akisema barabara itengenezwe, mara nyingi inatengenezwa. Kwa nini mwalimu asiende moja kwa moja kwenye kaunti yake, maana Uganda nako kuna kaunti?

Bwana Sheria
Ndugu Jirani, jina ni moja lakini wanyama ni wawili. Kaunti za Kenya ziko 47 na kila moja ni serikali. Kaunti ya Uganda, ile ambayo Waganda wanaiita ssaza, ni ngazi ya LC4, yaani ya nne kati ya ngazi tano za mabaraza kuanzia kijijini, na kwa sheria yetu ni kitengo cha utawala tu, si serikali ya mtaa. Serikali za mitaa vijijini ni wilaya na gombolola, yaani LC5 na LC3. Baraza la kaunti linaundwa na wajumbe wa kamati za utendaji za magombolola yaliyomo, na kazi yake kubwa ni kuwashauri maofisa wa wilaya pamoja na mbunge wa eneo, na kusuluhisha migogoro inayopelekwa kwake kutoka chini. Halina bajeti ya kujenga hata choo.

Ajabu ni kwamba sheria haikulisahau kabisa. Gombolola linapokusanya mapato, linabaki na asilimia 65 na kupeleka asilimia 35 wilayani. Katika ile 65 inayobaki, asilimia 25 inapaswa kurudi kijijini, 5 kwa parokia (ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola), na 5 kwa kaunti. Nimeuliza watu wengi kama wamewahi kuona kikao cha LC4 kikijadili ile asilimia 5, na wengi huniuliza kwanza LC4 ni nini.

Mzee wa Gombolola
Vijana, mimi nilikuwa katika kamati ya watu tisa ya RC1, baraza la kijiji, mwaka 1987, kabla ya haya mabaraza kuitwa LC. Kalavati kama hilo tusingelipeleka popote. Tulipiga ngoma asubuhi, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, tukaliita bulungi bwansi, na jioni watoto walipita. Mapipa ya mafuta matupu ndiyo yalikuwa makalavati yetu. Leo mnapeleka hoja, mnaiunga mkono hoja, mnaipigia kura hoja, na mtoto anaendelea kubebwa.

Tatizo lilianza walipofuta kodi ya kichwa mwaka 2001. Kodi ile tuliichukia, watu walikimbilia vichakani ofisa wa parokia akionekana, lakini ndiyo iliyokuwa inalipa gombolola. Ilipokufa, gombolola nalo lilibaki na muhuri tu.

Karani Mstaafu
Mzee, shikamoo. Mwaka 2001 ilikuwa vumbi la kampeni. Kodi ile yenyewe iliondolewa mwaka 2005. Nakumbuka kwa sababu mwaka ule wa fedha tulilazimika kuandika upya ukurasa mzima wa mapato. Baadaye, mwaka 2008, ikaletwa kodi ya huduma za mitaa, lakini hiyo inawagusa zaidi wenye mishahara na wenye biashara, na katika wilaya yenye walimu na wauguzi wachache tu huwezi kukusanya cha kujaza pengo. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Fedha nyingi zinazokuja wilayani sasa ni ruzuku zenye masharti: hizi za mishahara, hizi za shule, hizi za maji. Baraza linazipitisha katika bajeti lakini haliwezi kuzihamisha. Ni kama mgeni aliyekuletea nyama akakaa jikoni kuhakikisha unaipika kwa mapishi yake.

Mzee wa Gombolola
Marahaba. Nimekubali 2005. Vichaka ni vilevile.

Fundi wa Barabara
Nimesoma kuanzia juu hadi hapa na nashangaa hakuna aliyemuuliza mwalimu swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza: njia hiyo ni ya nani? Barabara za Uganda zina wenyewe. Kuna barabara za taifa, ambazo zilikuwa chini ya UNRA mpaka shirika hilo lilipovunjwa mwisho wa mwaka 2024 na kazi yake kurudishwa katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kuna barabara za wilaya. Kuna za miji. Halafu kuna njia za jamii, zile zinazounganisha kijiji na kijiji, na hizo ni mali ya gombolola. Kama njia ya mwalimu ni ya jamii, baraza la wilaya linaweza kuazimia mara thelathini na mhandisi wa wilaya hataigusa, kwa sababu haimo katika orodha yake ya matengenezo, na mafuta ya greda yamehesabiwa kwa kilomita zilizomo katika orodha.

Niliwahi kuona azimio la aina hiyo. Diwani alifurahi, wananchi wakapiga vigelegele, na mimi niliyekuwa nimesimama na tepu yangu ya kupimia nikajua kwamba wamepewa hati ya shamba la jirani.

Mwalimu wa Mpakani
Fundi, umenichoma. Sijui njia ile ni ya nani. Tangu nizaliwe tunaiita tu "njia ya sokoni". Nitauliza gombolola.

Binti wa Arua
Ninyi mnaongea fedha na orodha, lakini mnamruka mwenyewe. CAO zamani aliteuliwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, na baraza lilikuwa na sauti juu yake. Tangu katiba irekebishwe mwaka 2005, CAO na naibu wake huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa, na wizara inaweza kumhamisha kutoka huku West Nile, kaskazini-magharibi, hadi Kigezi, kusini-magharibi, kwa barua moja. Mtu ambaye mkate wake unatoka Kampala, ataliogopa baraza la madiwani kwa lipi? Katika wilaya ambayo sitaitaja, niliona maofisa wakuu watatu ndani ya muhula mmoja. Kila aliyekuja aliomba muda wa kusoma mafaili, na kila aliyeondoka aliyaacha yakiwa wazi katika ukurasa uleule.

Na hata azimio likiwa sheria ndogo, halitoki hivihivi. Baraza la wilaya likipitisha mswada wa sheria ndogo, lazima upelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kupitia kwa waziri, athibitishe kwamba haupingani na katiba wala sheria za Bunge. Sisi tulikuwa na wetu kuhusu mbuzi wanaozurura mjini. Wale mbuzi wamekwisha kuzaa, na watoto wao wamezaa.

Bwana Sheria
Binti, hoja yako ina nguvu lakini ina upande wa pili. Uteuzi ulirudishwa katikati kwa sababu CAO wengi walikuwa wanashinikizwa na wenyeviti wa wilaya kusaini malipo mabaya, na aliyekataa alipoteza kazi. Tukimrudisha chini ya baraza, azimio la kalavati huenda likatekelezwa, na la jumba la mwenyekiti pia likatekelezwa. Kuhusu mwenyekiti mwenyewe, baraza bado lina meno: linaweza kumwondoa kwa azimio la theluthi mbili ya madiwani wote. Ila theluthi mbili ya watu wanaogawana gari moja kwenda nyumbani si rahisi kuipata.

Binti wa Arua
Meno yanayomfikia mwenyekiti hayamfikii CAO. Hapo hujanijibu.

Afande Mstaafu
Habari za humu. Mimi jeshi lilinifundisha Kiswahili na utiifu, la tatu sikumbuki. Amri ikitoka, kuna aliyetoa, kuna aliyepokea, kuna saa ya kuripoti kwamba imetekelezwa. Nilipostaafu nilihudhuria kikao cha gombolola letu. Mjadala wote uliendeshwa kwa lugha ya nyumbani, watu wakachangamka, wakakubaliana vizuri kabisa nani afanye nini. Kumbukumbu zilipokuja kikao kilichofuata zilikuwa kwa Kiingereza, na nusu ya wajumbe hawakutambua kwamba jambo walilolipanga limeandikwa kwa namna ambayo halina mwenyewe: "ilikubaliwa kwamba hatua zichukuliwe". Na nani? Lini? Zikathibitishwa bila swali. Kwa maoni yangu kalavati la mwalimu lilifia katika tafsiri, kabla ya kufika kwa CAO.

Halafu mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha mikutano ya hadhara ya kuwahoji maofisa, na mikutano yenyewe inaitwa "Baraza". Jina la Kiswahili wamelichukua, lugha yenyewe bado wanaifikiria, ingawa katiba iliitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005.

Karani Mstaafu
Afande, nimepokea kipigo na sikatai. "Hatua zichukuliwe" nimeiandika mimi kwa mkono wangu mara nyingi kuliko jina langu. Lakini nielewe: karani akiandika "mhandisi ajenge kabla ya Desemba", na barazani hakuna aliyesema mhandisi wala Desemba, siku ya kuthibitisha kumbukumbu atakatwa kichwa.

Ndizi Mbichi
Kwa hiyo mpaka sasa aliyeua kalavati ni: bajeti, kodi ya kichwa, orodha ya barabara, Kampala, Kiingereza, na ukosefu wa mama. Nimeondolewa mashtaka ya chakula cha mchana?

Mama Diwani
Hujaondolewa, umepewa dhamana tu. Nami naongeza mshitakiwa mwingine: wilaya zenyewe zimekuwa nyingi. Mwaka 1997 zilikuwa 45, leo ukiondoa Kampala ni 135. Kila wilaya mpya ina Spika, naibu Spika, mwenyekiti, CAO, mhandisi, na gari la kila mmoja anayedai gari. Niliwahi kuunga mkono azimio la kuomba gombolola letu ligawanywe mara mbili, na wananchi walinibeba juu juu. Tulipata gombolola jipya, lakini ofisi yake ilikuwa chumba cha duka la kukodi.

Jirani wa Nairobi
Na zile fedha za parokia? Nasikia kila parokia inapewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kalavati haliwezi kutoka humo?

Karani Mstaafu
Haliwezi. Mpango huo uliozinduliwa mwezi Februari mwaka 2022 huko Kibuku unapitisha fedha hizo kwenye chama cha akiba na mikopo cha parokia, ili kaya zikope, shilingi milioni moja moja, kwa ajili ya kuku, kahawa na mengineyo. Ni mikopo ya kaya, si ya njia. Hata baraza halizigusi.

Fundi wa Barabara
Lakini hizo kuku na kahawa zitapita juu ya kalavati gani kwenda sokoni?

Mwalimu wa Mpakani
Nimerudi, wanajukwaa, baada ya siku kumi na mbili. Asanteni kwa wote. Nilianza gombolola. Njia yetu imo katika orodha ya njia za jamii, kama Fundi alivyoshuku, lakini kipande chenye kalavati, mita zisizozidi mia mbili, kimeandikwa ni cha barabara ya wilaya kwa sababu zamani barabara ile ilipinda hapo kabla ya kunyooshwa. Ofisa wa gombolola anasema si chake. Nilikwenda wilayani; kijana wa ofisi ya mhandisi alifungua orodha yake na kukuta barabara iliyonyooshwa, kipande cha zamani kimefutwa. Naye anasema si chake. Kwa hiyo kuna mita mia mbili za Uganda ambazo hazina mwenyewe, na kalavati liko katikati yake.

Kuhusu kumbukumbu, niliandika ombi kwa kufuata Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2005, inayowapa siku 21 za kujibu. Nilipewa siku ya tisa, na yule karani alikuwa mtu muungwana kabisa. Kikao cha kwanza: "limetambua". Kikao cha pili: "limependekeza kwa kamati ya ujenzi". Kikao cha tatu, kile nilichohudhuria mimi mwenyewe na kusikia kwa masikio yangu neno "tumeazimia", kumbukumbu zinasema limetambua kwa masikitiko.

Karani Mstaafu
Kumbukumbu za kikao hicho cha tatu zimekwisha kuthibitishwa?

Mwalimu wa Mpakani
Bado. Kikao ni Alhamisi ijayo.

Karani Mstaafu
Basi bado ni rasimu, na rasimu hurekebishwa. Wewe huruhusiwi kusema barazani, lakini diwani wako anaruhusiwa kusimama kwenye kipengele cha kuthibitisha kumbukumbu, kabla ya yatokanayo, na kuomba neno lirekebishwe. Mpe ukurasa na mstari kwa maandishi. Ataje pia ile orodha ya barabara, kwamba kipande kirudishwe, ili bajeti ya mwaka ujao ipate pa kushika.

Afande Mstaafu
Na ataje mtu na tarehe.

Mama Diwani
Fika kabla ya sala. Wimbo wa taifa ukishaanza mlinzi hufunga mlango, na benchi la wananchi ni moja tu.